Dawa ya mwarobaini kwa mboga: usiyachemshe majani

Mkuu, umesema unachemsha majani ya mwarobaini mpaka maji yanakuwa meusi, unapulizia sukuma wiki, na viwavi wanaendelea kula kama kawaida. Mimi nalima mboga na dawa hii naitumia kila msimu. Tatizo lako ni moto.

Ni kweli maji ya moto hutoa vitu kwenye jani upesi. Ndiyo maana chai haitengenezwi kwa maji ya baridi. Lakini kinachomsumbua kiwavi kwenye mwarobaini ni azadiraktini, na hiyo haivumilii moto. Kadiri unavyoichemsha ndivyo inavyovunjika. Uchungu wa maji usikudanganye, jani lile lina vitu vichungu vingi, si hicho kimoja.

Na si mwarobaini peke yake. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia, matokeo yake yalikuwa leo mazuri, kesho mabaya. Akarudi kwenye maandishi ya kale ya tabibu Ge Hong: loweka mmea kwenye maji, kamua, kunywa. Kuchemsha hakukutajwa. Basi akatoa dawa kwenye mmea kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi tu, na mwaka 1971 dawa ikafanya kazi kwa panya wa maabara. Mwaka 2015 alipewa Nobeli. (Tafadhali, msomaji asitoke hapa akajitibu malaria kwa chai ya artemisia. WHO haishauri hivyo, nenda ukapime.)

Sasa fanya hivi. Kilo moja ya majani mabichi kwa lita tano za maji. Twanga kwenye kinu mpaka yawe kama kisamvu kilichotwangwa vizuri. Usilipue kazi hapa, maana mchi ndio unaochukua kazi ya moto. Loweka jioni kwenye ndoo yenye mfuniko, iweke kivulini, kesho yake jioni chuja kwa kitambaa, vinginevyo makapi yataziba bomba. Tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike, kwa sababu jani la sukuma lina nta na maji huteleza. Pulizia jua likishapoa, chini ya majani pia, umalize yote siku hiyohiyo. Jua nalo huivunja azadiraktini, kwa hiyo kupulizia saa sita mchana ni kupoteza nguvu zako.

Usitegemee kuona viwavi wamekufa asubuhi. Dawa hii huwakatisha hamu ya kula na kuwazuia kujivua ngozi. Baada ya siku chache kagua majani machanga ya katikati: matundu mapya yakipungua, imeshika. Rudia kila wiki, na mvua ikinyesha pulizia tena.

Ukipata mbegu ni bora zaidi, zina azadiraktini nyingi kuliko majani. Menya, twanga kiini, gramu 50 kwa lita moja, uloweke usiku kucha. Maji yawe ya baridi vilevile.