Jibu: Neno kuu limerudiwa kila aya, lakini ukurasa haupandi

Habari ndugu. Umeeleza kwamba ukurasa wako umerudia "matengenezo ya baiskeli" karibu kila aya, umejaza pia tagi ya maneno muhimu (mstari uliofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa), na bado hauonekani kwenye Google.

Tagi hiyo iache, kwani Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Kagua kwanza ripoti ya utendaji katika Google Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti: chagua ukurasa huo, kisha usome maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukajitokeza mbele yao. Mara nyingi mimi hukuta wanatafuta "jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli", ilhali mwenye ukurasa ameng'ang'ania neno pana ambalo halisemi shida yao. Chukua swali moja ambalo ukurasa unalijibu kweli, uliweke kwenye kichwa cha ukurasa (kile ambacho kwa kawaida huonekana kwenye matokeo ya Google), kwenye kichwa kikuu cha makala na katika sentensi za mwanzo, halafu uendelee kwa lugha ya kawaida. Marudio ya kulazimisha yaondoe. Sera za Google huyahesabu kuwa taka na, jambo linaloniuma zaidi, marudio hayo humchosha msomaji aliyekuja na shida ya kweli. Ripoti ikiwa tupu kabisa, hakikisha kwamba ukurasa umeingizwa kwenye faharasa, yaani hifadhi ya kurasa ambamo Google hutafuta matokeo, kabla hujagusa neno lolote.