Viti vyeupe na bajaji ya njano nyuma ya mshambuliaji

SWALI: Shikamoo kaka. Napiga picha za mechi za shule hapa Morogoro kwa lenzi ya milimita 18–55. Mchezaji anatoka vizuri, ila nyuma yake kuna viti vya plastiki na bajaji ya njano. Nikitia ukungu kwa Photoshop, anaonekana kama amekatwa kwa mkasi akabandikwa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimeikuza picha yako nikaanza na miguu, na kosa liko hapo. Umetia ukungu wa kiasi kimoja kuanzia kwenye njumu zake hadi kwenye mwembe wa mbali. Lenzi haifanyi hivyo. Nyasi anazozikanyaga ziko umbali mmoja naye, kwa hiyo lazima zionekane vizuri kama yeye. Ukungu uanze nyuma ya visigino na uzidi taratibu kadiri unavyokwenda mbali. Kwenye maski (kifuniko kinachoamua ukungu uonekane wapi), sehemu ya ardhi ivutie gradienti, yaani mpito wa taratibu, usiipake kwa brashi.

Ule wekundu unaomzunguka mabegani ni rangi ya jezi iliyomwagika, kwa sababu umetia ukungu kwenye leya (tabaka la picha) ambayo mchezaji bado yumo. Tengeneza nakala ya leya, mfute humo, ziba pengo kwa nyasi za jirani (zikikaa vibaya si neno, yeye atazifunika), ndipo utie ukungu. Kisha rudishia kidogo zile chembechembe ndogo za picha, maana ukungu huzifuta, na nyuma ikiwa laini mno macho hushtuka.

Lakini mimi ningeanza na mwanga kabla ya ukungu. Jicho hukimbilia penye weupe na rangi kali. Chagua eneo la nyuma peke yake, shusha mwangaza kama nusu stopu (stopu ni kipimo cha mwanga), kisha punguza nguvu ya rangi ya njano tu. Mara nyingi bajaji inatulia yenyewe. Kama huna Photoshop, GIMP ni ya bure na ina leya na maski.

Hayo yote ni kwa picha za kuwapa wachezaji au za bango la shule. Picha ya habari usiiguse hivyo, nakusihi. Kanuni za shirika la habari la Associated Press zinakataza hata kutia ukungu nyuma kwa kompyuta, au kuificha kwa giza. Januari 2014 shirika hilo liliachana na Narciso Contreras, mpigapicha aliyekuwa mmoja wa washindi wa Pulitzer, tuzo ya uandishi wa habari, kwa kufuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona ya picha ya Syria.

Mechi ijayo ondoka pembeni mwa uwanja. Kaa nyuma ya mstari wa goli, karibu na kibendera cha kona, lenzi iwe 55, uwazi wake f/5.6, shata 1/1000 ya sekunde, usubiri waingie kwenye boksi. Nyuma yao utapata karibu uwanja mzima wa nyasi, na viti vitabaki mbali.