Otomatiki kuwa gia ya mkono: nunua gari bovu zima

Kaka, umeuliza kama Hilux yako ya dizeli yaweza kutolewa gaboksi ya otomatiki ikatiwa ya mkono. Yawezekana, bora usinunue vitu kimoja kimoja. Tafuta gari lililokufa, la gia ya mkono na injini kama yako, ung'oe vyote: gaboksi, flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini), klachi na silinda zake, pedali, propela shafti (ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka gaboksi hadi ekseli). Shafti ndiyo huwaponyoka watu, maana urefu mara nyingi haulingani.

Yangu nilifungiwa Changamwe, kazi safi kabisa. Nikageuza ufunguo... kimya. Fundi akalaumu betri, kisha akaanza kufungua stata. Kumbe otomatiki haiwaki mpaka swichi ya gaboksi ijue gia iko P (ya kuegesha) au N (huru), na ile swichi ilishaondoka na gaboksi kuukuu! Waweza kuziunganisha nyaya za swichi hiyo moja kwa moja, lakini afadhali zipitie swichi ya pedali ya klachi, gari lisije likakurukia ukiliwasha likiwa ndani ya gia. Taa za rivasi nazo zitataka waya wao.

Kagua pia ile beringi ndogo mwisho wa krenki (mhimili mkuu wa injini), inayoshika ncha ya shafti ya gaboksi ya mkono; injini ya otomatiki kwa kawaida haina.

Kama injini yako ni 3L au 5L (dizeli za zamani za Toyota) ya pampu ya kawaida, hakuna kompyuta ya kubembeleza. Ikiwa ni hizi za komoni reli, ambazo dizeli yake huongozwa na kompyuta, ongea na fundi umeme kabla hujafungua hata bolti moja. Mimi sijutii, ila foleni ya feri Likoni ikigoma, goti la kushoto hulia.