Usijumlishe au usijumuishe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye mkutano wa chama cha msingi huku Masasi, mjumbe mmoja alisema wakulima wanachanganya mawe kwenye magunia ya korosho. Mwenzake akamjibu, "Usi-generalize!" Mwenyekiti akamtaka aseme kwa Kiswahili. Hapo tukagawanyika: wengine "usijumlishe," wengine "usijumuishe." Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Hapo ni usijumlishe, yaani usichukue ya wachache ukawabebesha wote. Maneno hayo yanafanana kwa sauti, lakini si ndugu. Jumlisha limezaliwa na jumla, ile ile ya bei ya jumla. Jumuisha ni la mzizi mwingine wa Kiarabu, wenye jamaa, jamii na Ijumaa. Kazi yake ni kukusanya. Orodha ikijumuisha jina lako, maana yake umo. Kwa hiyo "usitujumuishe sisi" ni Kiswahili safi kabisa, ila unachoomba ni kutolewa wewe kwenye lawama. Wenzako unawaacha humo humo.

Tabu ya jumlisha ni kwamba likisimama peke yake mtu hukumbuka hesabu za darasa la pili. Lipe watu wa kushika: "usiwajumlishe wakulima wote." Au sema kama watu wanavyosema, "usituweke kapu moja." Mbele ya wakulima, mimi ningechagua hilo la kapu.

Lakini hilo generalize la Kiingereza si la lawama siku zote. Watafiti wa korosho wa Naliendele, Mtwara, wakijaribu dawa ya salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho mingi, mashamba mbalimbali, kisha wakasema inafaa, nao wamejumlisha, tena kwa haki. Kwenye maandishi ya namna hiyo tumia "hitimisho la jumla." Yule mjumbe wenu alitoka na magunia machache akafika kwa wakulima wote, hapo ndipo alipokosea.

Kusini tunao mfano wetu wa kujumlishwa, na mimi unaniuma. Wamachinga ni kabila, watu wa mkoa wa Lindi, wana lugha yao. Leo machinga ni mchuuzi yeyote wa barabarani, hata aliyezaliwa Mwanza. Maneno hupanuka maana, sikatai. Lakini nimemsikia kijana wa Kilwa akitaja kabila lake, akaulizwa anauza nini.