Mbegu ya mchicha hupata wapi mwili wote ule?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bustani ndogo nyuma ya nyumba yangu hapa Muheza. Msimu uliopita nilisia mbegu za mchicha zisizojaza hata kizibo cha soda, nami nikapata matuta manne ya mboga. Mche mmoja ulioota kando ya jaa niliuacha makusudi, na baada ya miezi miwili na siku kadhaa ulikuwa umenipita kimo, shina lake likiwa nene kuliko kidole gumba changu. Mwanangu aliniuliza mwili wote ule ulikuwa umejificha wapi ndani ya mbegu, nikakosa la kumjibu. Na mbona wenzake wa kwenye matuta, wa mbegu zile zile, walibaki wadogo?

JIBU: Ndugu msomaji, mwambie mwanao kwamba swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa karne nyingi, na kwamba mwili ule haukuwamo ndani ya mbegu hata kidogo. Mbegu ilibeba maelekezo ya namna ya kuujenga, pamoja na chakula cha kuutosha mche kwa siku chache tu.

Chukueni mbegu kumi mziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa, ndani ya sahani, kisha mzitazame kila asubuhi. Mtaona kwamba kila moja ni bapa, inang'aa, na upana wake ni kama milimita moja. Gramu moja hubeba zaidi ya mbegu 1,000, na mara nyingi hufika 2,000, maana yake ni kwamba mbegu moja ina uzito wa kama nusu ya miligramu. Ndani yake kiinitete kimejikunja kama pete, kimezunguka punje ya wanga. Wanga huo ndio sehemu kubwa ya akiba yake. Mlinganishe na nazi: wanaopenda kula joya wanajua jinsi lile donge laini linavyojaa ndani ya kifuu, likifyonza nyama ya nazi na kuulisha mche kwa miezi kadhaa. Mchicha haukuachiwa urithi wa namna hiyo. Kwa joto la Muheza mbegu itapasuka ndani ya siku tatu hadi tano, itatoa mzizi mweupe mwembamba kama uzi, kisha vijani viwili vyembamba, na tangu hapo mche lazima ujitafutie.

Unajitafutia wapi? Wengi wetu tungesema udongoni, na hivyo ndivyo watu walivyoamini zamani. Tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptista van Helmont, alipanda mti mchanga wenye uzito wa kama kilo 2.3 katika chombo chenye kilo 90 hivi za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mwishowe mti ulikuwa na uzito wa kilo 77 hivi, ilhali udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua kwa gramu 60 hivi tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji, na hapo alipata nusu ya jibu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mmea mbichi kweli ni maji. Nusu ya pili ni hewa. Majani hunyonya hewa ya ukaa kupitia vinyweleo vyao, na kwa nguvu ya jua huiunganisha na maji ili kutengeneza sukari, ambayo ndiyo inayojenga nyuzi za shina, mizizi na majani mapya. Kwangu mimi hili ni jambo la kustaajabisha kila ninapolifikiria: shina lile nene la kando ya jaa, likikaushwa, sehemu yake kubwa ni hewa iliyogeuzwa kuwa kitu cha kushikika.

Sasa kuhusu kasi. Jani jipya linakusanya jua, jua linazaa sukari, sukari inajenga jani jingine, nalo linaanza kukusanya. Chukulia mfano wa hesabu: nusu ya miligramu ikiongezeka maradufu mara 20 inazidi nusu kilo, na ikiongezeka mara moja zaidi inapita kilo. Iwapo kila maradufu ingechukua siku tatu, kazi yote ingemalizika kwa siku 63. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza mchicha huonekana umelala, halafu unashtukia umefika kiunoni. Isitoshe, mchicha una njia ya kuinasa hewa ya ukaa inayofanana na ya muwa na mahindi, ambayo wanasayansi Hatch na Slack waliieleza huko Australia mwaka 1966 kutokana na utafiti wa miwa. Njia hiyo huuwezesha kulitumia jua kali bila upotevu mkubwa.

Wale wa kwenye matuta walinyimwa nafasi. Wakisongamana, kila mmoja huwatia wenzake kivuli, na mahali pasipo na jua maradufu huchelewa au husimama kabisa. Wa kando ya jaa ulikuwa na jua pande zote, na miguuni ulikuwa na majivu na mabaki ya jikoni yenye naitrojeni na potasiamu. Vitu hivyo ni vichache kwa uzito, lakini bila hivyo jani halijengeki.

SWALI: Mbegu zangu za mchicha nilizifukia vizuri kwa kina cha kidole, zikakataa kuota. Je, ziliharibika?

JIBU: Huenda zilikuwa nzima, ila zilizikwa. Akiba ndogo kama ile huisha kabla kijani hakijafika kwenye mwanga. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zitawanyike sawasawa, zinyunyize juu ya tuta lililolainishwa, uzifunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita, kisha umwagilie kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasizikusanye pembeni. Miche ikifikisha majani manne, punguza palipobanana. Ile unayoing'oa ipeleke jikoni.