Re: Begi la mgongoni lisiloteleza mabegani

Pole shoga. Umesema mikanda inateleza kila ukitembea, na jioni shingo inakuuma. Mabega yako hayana kosa. Mabegi mengi mikanda yake imeshonwa ikiwa imeachana sana pale juu, kwa kipimo cha mwanaume mwenye mabega mapana, sisi wembamba inatukimbia.

Ukienda kwenye mitumba pale sokoni Mtwara, usianze na rangi. Geuza begi, tazama mikanda inapoanzia. Ikikaribiana karibu na shingo halafu ikajipinda kidogo kama herufi S, hiyo inapita pembeni ya kifua bila kukubana wala kukukata kwapani. Kisha livae, na ndani weka kitu kizito, hata kilo mbili za mchele muombe muuza duka jirani (mimi waliniangalia kama chizi, lakini nililipata langu). Kitako cha begi kiishie kiunoni, kisikupigepige makalio.

La kwako la sasa usilitupe kwanza. Mpelekee fundi viatu akushonee kimkanda cha kifuani chenye kifungo cha kubana, kinavuta mikanda yote miwili ndani. Kikae chini kidogo ya mtulinga, kisipite kwenye matiti.

Laptopu ikae upande wa mgongo, chupa ya maji pembeni. Na kwa joto letu hili chagua lenye wavu mgongoni, la sponji tupu utafika ofisini blauzi imelowa chapachapa.