Damu Imemwagika Kazini: Tuanze Wapi?

SWALI: Ninasimamia karakana ya samani hapa Jinja. Mwezi uliopita fundi wetu mmoja alikatwa kidole na msumeno, damu ikatapakaa sakafuni. Mama anayetufanyia usafi aliipangusa bila glavu, kwa dekio lile lile analotumia katika chumba cha chakula, kisha akamwaga JIK nyingi bila kuipima. Jioni alilalamika kwamba macho na kifua vinamwasha. Tulikosea wapi, na tuweke nini tayari kwa siku nyingine?
Msimamizi, Jinja

JIBU: Ndugu Msimamizi, mpe fundi wako pole, na umpe pole zaidi mama wa usafi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeikabili damu ya mwenzake bila kinga yoyote. Muulize leo, faraghani na kwa heshima, kama siku ile alikuwa na mchubuko mikononi au kama damu ilimrukia machoni. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali ya namna hii huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na muda huo umekwisha kupita. Hata hivyo, bado anaweza kwenda kituo cha afya kupimwa VVU na homa ya ini aina ya B, na nauli ya safari hiyo inapaswa kutoka karakanani.

Kuhusu JIK, ambayo ni dawa ya klorini, wengi huamini kwamba dawa ikiwa kali zaidi ndivyo inavyosafisha zaidi. Sivyo: klorini huishiwa nguvu inapokutana na damu au matapishi mengi, kwa hiyo ukiimwaga juu ya dimbwi la damu, nguvu yake huishia kwenye uchafu kabla ya kuvimaliza virusi vilivyomo. Mvuke wa klorini isiyozimuliwa huwasha macho na koo, na ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu.

Utaratibu ulio salama huanza kwa kuwaondoa watu na kufungua milango. Anayesafisha avae glavu nzito za mpira, aproni ya plastiki, gambuti, barakoa na miwani ya kukinga macho. Miwani hiyo wengi huiona ya ziada, lakini Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyefariki kwa Ebola mwezi Desemba 2000 wakati wa mlipuko wa Gulu, inaaminika aliambukizwa usiku alipomhudumia mgonjwa huku macho yake yakiwa hayajakingwa. Vipande vyenye ncha viokotwe kwa koleo, kamwe visiokotwe kwa vidole. Damu ifunikwe kwa vitambaa au karatasi za kunyonya, wala msitumie unga wa mbao ingawa umejaa karakanani, maana hutawanyika na kuipunguzia klorini nguvu. Damu ikishaondolewa, sakafu ioshwe kwa sabuni na maji, na hapo ndipo klorini ya asilimia 0.5 ipakwe na kuachwa bila kukauka kwa dakika 10. Soma lebo ya chupa: ikiwa ni asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Ikiwa ni asilimia 5, vipimo 9 vya maji. Changanyeni mpya kila siku. Taka zifungwe katika kavera (mifuko ya plastiki) mbili na zipelekwe kuteketezwa kwa makubaliano na kituo cha afya kilicho karibu. Wakati wa kuvua, glavu zitangulie na barakoa iwe ya mwisho, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Vyote hivyo, pamoja na dekio lisilotumika mahali pengine, vikae katika ndoo moja yenye mfuniko karibu na misumeno, si katika ofisi inayofungwa bosi anapotoka. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamwachia mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kinga, hivyo mama huyo asidaiwe hata bei ya glavu.

Maelezo haya yanafaa kwa damu ya jeraha la kawaida. Panapokuwa na tangazo la Ebola, kama lile la Mubende mwezi Septemba 2022, na mfanyakazi akaanza kuwa na homa na kutapika au kutokwa damu, msimguse wala msisafishe alipokaa. Zuieni watu wasipakaribie na muwaite maafisa wa afya wa wilaya.

Jambo la mwisho ni chanjo. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi, na watoto wa Uganda walianza kupewa chanjo yake mwaka 2002, kwa hiyo huenda wengi wa mafundi wako hawakuipata utotoni. Ni dozi tatu: ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Majibu ya vipimo yakionyesha kwamba mama wa usafi hana virusi hivyo wala kinga yake, mwandikishe yeye kwanza.